Mtoto aujue Mlima Meru kwanza, ndipo ataulinda

Mtoto wa Kaloleni au Njiro, jijini Arusha, akiambiwa achore mlima, hachelewi. Anachora pembetatu, anaweka wingu kileleni na jua linalochungulia pembeni. Ndivyo anavyouona Mlima Meru kila asubuhi akienda shule: pembetatu kubwa iliyosimama nyuma ya mapaa ya mabati.

Mtoto huyohuyo akipelekwa upande wa pili wa mlima, Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na kupewa karatasi nyingine achore tena, penseli inasita. Pembetatu haipo. Ubavu wa mashariki wa mlima umeondoka. Kilichobaki ni ukuta wa mwamba wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, umejikunja kama kiatu cha farasi, na katikati yake kimekaa kilima cha majivu chenye ncha.

Swali linalofuata mzazi hulijua kabla halijatamkwa: "Mama, nani ameubomoa?"

Wazazi wengi hukwama hapo. Wameishi miaka mingi chini ya mlima huu, wamekunywa maji yake na kula ndizi zilizoota kwenye udongo wake, lakini hawajawahi kuingia hifadhini. Magari ya utalii huwapita barabarani kila siku yakiwa yamejaa wageni waliosafiri nusu ya dunia kuja kuona kilichopo nyuma ya nyumba zao. Taratibu hujengeka wazo kwamba hifadhi ni mambo ya wageni. Mtoto hulirithi wazo hilo bila kuambiwa. Na kitu kinachoonekana kuwa cha watu wengine hakipati mlinzi nyumbani.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mtoto anayeujua mlima akiwa na miaka 7 au 10, akaelewa umetoka wapi na unampa nini, hahitaji kulazimishwa kuulinda akiwa na miaka 20. Kazi hiyo haitaki mzazi awe msomi wa jiolojia. Inataka maelezo machache yaliyo sahihi, siku moja hifadhini, na kazi ndogondogo za kufanya baada ya kurudi.

MLIMA ULIOPOTEZA UBAVU

Meru ni volkano. Kimo chake ni mita 4,566, na kwa Tanzania unatanguliwa na Kilimanjaro pekee. Ulijengwa kwa muda mrefu sana, mlipuko baada ya mlipuko. Kila mara mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi ulipopata njia ya kutoka, ulimwaga uji wa moto na kurusha majivu, vikapoa, vikawa tabaka. Mlipuko uliofuata ukaweka tabaka jingine juu yake.

Kwa mtoto mdogo, chapati zinatosha kueleza. Zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye sahani, rundo linapanda. Lakini rundo likiwa refu mno, na upande mmoja ukiwa dhaifu, siku moja upande huo huteleza. Ndivyo ilivyotokea Meru maelfu ya miaka iliyopita. Ubavu wa mashariki uliporomoka, na mawe, matope na majivu yakasambaa kuelekea upande wa Kilimanjaro. Vilima vidogovidogo vinavyoonekana leo maeneo ya Momella ni masalia ya poromoko hilo, na mabonde yaliyobaki katikati yake ndiyo yaliyojaa maji na kuwa Maziwa ya Momella.

Kwa hiyo jibu la swali la mtoto ni hili: hakuna aliyeubomoa. Mlima ulijijenga mpaka ukashindwa kujibeba upande mmoja.

Mtoto mkubwa kidogo atapenda kujua kwamba jambo la namna hiyo limewahi kutokea mbele ya macho ya watu. Mei 18, 1980, ubavu wa kaskazini wa mlima St. Helens, katika jimbo la Washington nchini Marekani, uliporomoka asubuhi moja na kufuatiwa na mlipuko mkubwa. Mlima ule ulipungua kimo kwa takriban mita 400, na watu 57 walipoteza maisha. Picha zake zikiwekwa kando ya picha ya Meru iliyopigwa kutoka Momella, hata mtoto wa darasa la tatu huona udugu wao.

Kile kilima kilichomo ndani ya ukuta kilikuja baadaye. Kimefikia mita 3,667 juu ya usawa wa bahari, na majivu ya mwisho yanayokumbukwa kutoka Meru yalirushwa mwaka 1910. Hapo huja swali la pili, ambalo watoto huuliza kwa sauti ya chini zaidi: utalipuka tena lini?

Mzazi asicheke swali hili, wala asilikwepe kwa kusema mlima umekufa. Wataalamu hawasemi Meru umekufa, umelala. Kwa kawaida volkano inayotaka kuamka hutoa dalili, kama matetemeko madogo ya mara kwa mara, gesi na ardhi kuvimba, na ndiyo maana kuna watu ambao kazi yao ni kuzichunguza. Mtoto akiambiwa ukweli huo kwa utulivu, hofu hugeuka kuwa udadisi. Akitaka kusikia habari za volkano iliyo macho, kaskazini mwa mkoa uleule wa Arusha kuna Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Uji wake wa moto ni wa aina ya pekee: hutoka ukiwa mweusi, haufikii joto la volkano nyingine, na ukishapoa hugeuka mweupe.

VOLKANO ILIYOMO JIKONI

Kabla ya kukodi gari, safari inaweza kuanzia nyumbani, kwa sababu volkano imo ndani ya nyumba.

Imo kwenye mgomba na mkahawa. Udongo mweusi wa miteremko ya Meru umetokana na majivu na miamba ya volkano iliyosagika, na ndio uliofanya Wameru na Waarusha wawe wakulima wa ndizi na kahawa kwenye miteremko yake. Mtoto akichota udongo wa bustani kwenye kikombe cha maji, akakoroga na kuuacha utulie, ataona tabaka zake: mchanga chini, udongo laini juu yake, na majani yaliyooza yakielea.

Imo kwenye magadi yanayolainisha makande na maharage. Magadi hupatikana kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron, ambako maji yanayopita kwenye miamba na majivu ya volkano hubeba chumvi zake hadi ziwani, jua likayakausha na kuziacha chumvi.

Magadi hayohayo yanaweza kufanya jaribio la jikoni ambalo watoto hawalisahau. Zinahitajika chupa ndogo, udongo wa kuifinyangia mlima kuizunguka, vijiko viwili vya magadi yaliyosagwa, matone machache ya sabuni ya maji, na nusu kikombe cha siki. Magadi na sabuni vitangulie ndani ya chupa, kisha siki imiminwe mara moja. Povu litapanda na kufurika kwenye miteremko. Mzazi awepo, maana magadi na siki vikiingia machoni huwasha.

Baada ya kelele za furaha, mtoto aelezwe kitu kimoja: ndani ya mlima wa kweli hakuna siki. Kinachofanana ni gesi. Gesi iliyobanwa ndani ya mwamba ulioyeyuka hutafuta njia ya kutoka, kama ilivyo kwenye chupa ya soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa.

Volkano imo pia kwenye meno. Madoa ya kahawia ambayo watu hukuona wakakuuliza kama umekulia Arusha hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki. Miamba ya Meru ina madini ya floridi, na maji yanayopita ndani yake huyabeba hadi kwenye visima na mito. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na vyanzo kadhaa vya maji kuuzunguka mlima huu vimepita hapo. Maziwa ya Momella yana floridi nyingi mno, kati ya viwango vikubwa vilivyowahi kupimwa duniani.

Hili ni somo la jiografia, lakini pia ni onyo la afya. Meno ya kudumu hupata madoa katika miaka yanayojengeka, yaani tangu utotoni hadi kiasi cha miaka 8. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huweza kudhuru hata mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama kwa upande huu, na kituo cha utafiti cha serikali kilichopo Ngurdoto kimekuwa kikitumia chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kuiondoa. Magadi nayo huwa na floridi, hivyo chakula cha mtoto mdogo kisitiwe magadi mara kwa mara.

Mtoto anayejua kwa nini kaka yake ana madoa kwenye meno hatamcheka tena. Zaidi ya hapo, ameelewa kwamba mlima na mwili wake vimeunganishwa na maji.

SIKU YA HIFADHINI

Familia nyingi hudhani safari ya hifadhi ni ya mamilioni. Kwa raia wa Tanzania, kiingilio hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kulinganisha na cha mgeni kutoka nje, na watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Gharama kubwa ni usafiri. Hapo majirani wawili watatu, au wazazi wa darasa moja, wanaweza kukodi gari pamoja na kugawana. Malipo ya getini hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo ni vizuri kuulizia utaratibu siku chache kabla.

Miezi ya Juni hadi Oktoba haina mvua nyingi na barabara hupitika vizuri. Asubuhi huwa na baridi, hivyo sweta ni lazima. Chakula kibebwe kwenye vyombo vya kurudi navyo nyumbani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hifadhini si mahali pa kujaribu bahati.

Kila mtoto awe na daftari na penseli. Daftari humfanya mtoto atazame, na kutazama ndiko kunakotofautisha matembezi na kujifunza.

Baada ya geti la Ngongongare gari hufika kwenye uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako nyati, pundamilia na ngiri hula karibu na barabara. Watoto wa miaka 3 hadi 6 hapa watosheke na kuhesabu na kutaja rangi. Hawahitaji hotuba.

Kituo kinachofuata kinaweza kuwa Kreta ya Ngurdoto, shimo kubwa la volkano lenye upana unaozidi kilomita 3. Watu husimama ukingoni, ndani ya msitu, na kutazama nyati walio chini wakiwa wadogo kama sisimizi. Hawaruhusiwi kushuka. Mtoto atalalamika, na hapo ndipo penye somo zuri kuliko yote ya siku hiyo: kuna mahali ambapo binadamu ameamua kwa hiari yake kubaki juu na kuwaachia wanyama sakafu yote. Anayetaka kuona zaidi hutumia darubini na subira.

Msituni kuna mbega, nyani wa majani mwenye manyoya meusi na meupe yanayoning'inia kama shuka. Watoto hupenda kuambiwa kwamba mbega hana kidole gumba, na kwamba mtoto wake huzaliwa akiwa mweupe mwili mzima. Zamani aliwindwa sana kwa ajili ya ngozi yake. Atafutwe kwa sikio kwanza: alfajiri huunguruma kama pikipiki inayogoma kuwaka.

Kisha Momella. Maziwa haya yako jirani, lakini kila moja lina rangi yake, kijani, buluu au kahawia, kwa sababu chumvi na mimea midogo iliyomo majini hutofautiana. Watoto wa miaka 7 hadi 10 wapewe kazi ya kupaka rangi ya kila ziwa daftarini na kuandika ni ndege gani wameonekana wapi. Heroe, wale flamingo wa waridi, huja na kuondoka kwa misimu. Rangi yao hutoka kwenye chakula, yaani mimea midogo sana inayostawi kwenye maji ya magadi. Kifaranga huanguliwa akiwa wa kijivu. Wengi wa heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron. Bila volkano kusingekuwa na magadi, na bila magadi heroe wasingepata chakula hicho.

Na hapa Momella, kama mawingu yameruhusu, ndipo karatasi ya pili hutolewa na mtoto akachora mlima upya.

Walio na miaka 11 na zaidi wanaweza kupata zawadi ya pekee. Kwa kuwa simba si wa kawaida katika hifadhi hii, matembezi ya miguu hufanyika, yakiongozwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Njia moja huelekea kwenye maporomoko ya Tululusia, nyingine hupanda hadi kwenye mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao mizizi yake imeshuka pande mbili za njia na kufanya lango. Umri unaoruhusiwa na ada yake vithibitishwe kabla. Kupanda kileleni ni safari ya siku 3 au 4, nayo isubiri mpaka mtoto awe mkubwa.

KANUNI ZENYE SABABU

Mtoto anayeambiwa "usifanye" bila sababu hutii akiwa anatazamwa tu. Akipewa sababu, hutii hata akiwa peke yake, na mara nyingi huwa ndiye anayemkumbusha baba.

Usimpe mbega mkate wala biskuti. Tumbo lake limeumbwa kumeng'enya majani, na vyakula vyetu humdhuru. Nyani naye akishazoea kupewa, huanza kunyang'anya, na nyani anayenyang'anya watu mwisho wake si mzuri.

Usichukue jiwe, ua wala unyoya. Jiwe moja la volkano linaonekana dogo, lakini mtoto ahesabu: wanafunzi 40 wa darasa lake wakichukua moja kila mmoja, na madarasa mengine nayo yafanye hivyo mwaka mzima, njia ile itabaki na nini? Mchoro na picha vinatosha.

Usishuke garini pasiporuhusiwa. Nyati anayecheua chini ya mti anaonekana kama ng'ombe wa bibi, lakini ni miongoni mwa wanyama hatari zaidi kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Usipige kelele. Asiyenyamaza anaona migongo ya wanyama tu.

Na usiache moto, hata njiti moja. Oktoba 2020, moto kwenye Mlima Kilimanjaro uliunguza kwa siku nyingi na kuteketeza takriban kilomita za mraba 95 za uoto. Mimea ya milimani hukua polepole kwa sababu ya baridi. Kilichoungua mtoto akiwa darasa la kwanza kinaweza kisiwe kimerudi akiwa na watoto wake.

UPANDE WA PILI WA UZIO

Si kila mtoto anaujua msitu huu kupitia dirisha la gari. Kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, wanyama si picha ya kitabuni. Ni nyani waliomaliza mahindi, ni nyati aliyepita shambani usiku, ni baba asiyelala msimu wa mavuno. Kwa familia hizo, kumwambia mtoto awapende wanyama kabla ya kuzungumzia shamba lililoliwa ni kumdanganya.

Mazungumzo ya ukweli huanza kwa kukubali kwamba hasara ipo, kisha kutazama mzani wote. Msitu wa Meru hunasa ukungu na mvua na kuyaachia maji polepole. Mito ya Themi, Nduruma, Tengeru na Usa huanzia kwenye miteremko ya mlima huu. Maji yake huungana na Mto Kikuletwa, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huteremka na Mto Pangani, yakizungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani njiani, mpaka yanaingia Bahari ya Hindi. Tone lililonaswa na jani juu ya Momella linaweza kuwasha taa na kufika pwani ya Tanga. Mtoto akiifuata safari hiyo kwa kidole kwenye ramani, anaelewa kwa nini kukata mti kule juu si jambo la mtu mmoja.

Zipo pia njia ambazo watoto wanaweza kuzishuhudia na hata kuzisaidia. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye uzio na kamba zilizopakwa pilipili zimetumika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kuwazuia tembo mashambani, na mizinga hutoa asali bila mtu kuingia msituni na mwenge wa moto. Jiko linalotumia kuni chache humpunguzia mama safari, na huupunguzia msitu mzigo.

KURUDI NA KAZI MKONONI

Kosa la wazazi wengi ni kuifanya safari iwe mwisho. Picha zinawekwa kwenye simu, zinasifiwa na ndugu, na Jumatatu mambo yanasahaulika. Siku ya hifadhini inapaswa kumwachia mtoto kazi, ndogo kiasi cha kuweza kuifanya mwenyewe.

Anaweza kupanda mti mmoja wa asili karibu na nyumbani na kuupima kila mwezi kwa kamba, akiandika urefu wake kwenye daftari lilelile la safari. Kumwagilia kila siku wakati wa kiangazi humfundisha uhifadhi kuliko hotuba yoyote.

Anaweza kuchagua hatua 50 za mfereji au kijito kilicho karibu na nyumbani na kukifanya chake: kuokota taka na wenzake mara moja kwa wiki, wakiwa na glovu na mtu mzima. Mifereji mingi ya Arusha huishia kwenye mito iliyotajwa hapo juu.

Anaweza kuwasimulia wenzake. Shule nyingi zina Klabu za Malihai, zilizoanzishwa miaka ya 1980 kuwafundisha wanafunzi uhifadhi. Mpango wa Roots & Shoots, ambao sasa uko katika nchi nyingi duniani, ulianza mwaka 1991 Dar es Salaam, Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 waliotaka kufanya kitu kuhusu mazingira yao. Kama shule haina klabu, wazazi watatu na mwalimu mmoja mwenye moyo wanatosha kuianzisha, na Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, ni tarehe nzuri ya kuanzia.

Familia zilizo mbali na Arusha nazo zina milima yao. Mbeya kuna Ziwa Ngosi, lililojaa ndani ya shimo la volkano, na jirani yake Mlima Rungwe. Kule Kitulo maua hustawi juu ya udongo wa volkano. Kwa walioko Kenya, Longonot na Hell's Gate ziko karibu na Naivasha, na Hell's Gate mtoto anaweza kuipita kwa baiskeli. Njia ni ileile: aanze na kilichomo nyumbani, aende aone, arudi na kazi.

AHADI INAYOWAHUSU

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mlima Meru uliongezwa baadaye, na jina la Arusha likaja mwaka 1967. Katikati ya miaka hiyo, Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mjini Arusha tamko ambalo baadaye lilijulikana kama Azimio la Wanyamapori la Arusha. Aliahidi kwamba serikali ya nchi mpya ingefanya kila linalowezekana ili wajukuu wa watoto wa wakati ule nao waurithi utajiri huu wa pori.

Hesabu yake ni rahisi. Aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1961 leo ni babu au bibi. Wajukuu waliotajwa kwenye ahadi ile ndio hawa wanaochora pembetatu wakisubiri chai. Ahadi imewafikia, mlima bado upo, mbega bado wanaunguruma alfajiri. Sasa ni zamu yao kuifikisha kwa wajukuu wao, na hawawezi kufikisha kitu wasichokijua.

Mzazi anaweza kuanza jioni hii. Karatasi moja, penseli, na mtoto akae mlangoni achore mlima jinsi anavyouona. Mchoro uandikwe tarehe na ubandikwe ukutani, na kando yake iachwe nafasi tupu ya mchoro wa pili. Mtoto atauliza ile nafasi ni ya nini. Hapo safari imeshaanza.